Muhuri ni wangu, lakini siku hiyo nilikuwa msibani

Anti, shikamoo.

Nina miaka 31, sijaolewa, naishi Tabata. Kazi yangu ni wakili, na nakuomba ukisikia neno hilo usinipigie picha ya suti na ofisi ya ghorofani Posta. Ofisi yangu ni meza moja ndani ya steshenari, kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda, jirani na mahakama mojawapo hapa Dar es Salaam. Jina la mahakama nalificha, utaelewa kwa nini.

Shule ya Sheria pale Sam Nujoma nilisoma na lile kundi la 2022 ambalo matokeo yake yalijadiliwa nchi nzima. Tulikuwa 633. Waliopita moja kwa moja walikuwa 26, wenye supu, yaani mitihani ya kurudia, 342, na 265 wakaondolewa. Mimi nilikuwa na supu. Waziri aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, wabunge wakasema yao, na ndani ya daladala kila abiria alikuwa mtaalamu wa elimu ya sheria. Baba, aliyeuza nusu eka ya shamba kule Same ili nisome, hakuniuliza neno hata moja. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko ya redioni yote.

Aliyenishika mkono wakati ule ni mjomba, kaka yake mama. Nilikaa kwake miaka mitatu bila kuchangia hata luku. Asubuhi alikuwa ananiachia nauli juu ya televisheni ili nisione aibu ya kuomba. Nayasema haya ujue simzungumzii mtu baki.

Mjomba alikuwa karani wa wakili mmoja wa zamani. Hana digrii. Wakili yule alipofariki, mjomba akafungua steshenari na kuanza kuandika hati: viapo vya majina, mikataba ya nyumba, mambo ya mirathi, hata hati za madai. Wateja wanamwita "wakili" naye anaitika. Najua watu kama yeye wanaitwaje kwenye mikutano ya chama chetu cha mawakili, TLS. Vishoka. Nimekaa kwenye mikutano hiyo, nikapiga makofi vishoka walipolaaniwa, kisha nikapanda daladala kurudi kwenye meza yangu ndani ya duka la kishoka.

Ila kuna jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia: mjomba anaandika Kiswahili cha kisheria kizuri kuliko mimi. Mimi nilifundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ni yeye anayenisahihishia.

Nilipoapishwa, mwishoni mwa 2023, nilizungusha barua za maombi Posta, Upanga, Kinondoni. Ofisi moja ilinipokea kwa "nauli", na nauli yenyewe mpaka uikumbushe. Kazi niliyopewa ni kwenda kuomba ahirisho la kesi za wenzangu. Miezi saba. Ndipo mjomba akasema, "Njoo ukae hapa, muhuri wako utakulisha."

Kweli ulinilisha. Mteja analipa 10,000, mimi napata 3,000 kwa kila hati ninayoigongea muhuri kama kamishna wa viapo. Siku ikiwa nzuri zinafika hati ishirini. Hapo ndipo ilipotoka hela ya kuhuisha leseni, na ada ya mdogo wangu aliye chuo cha afya.

Miezi ya kwanza kila anayeapa alikaa mbele yangu, nikamsomea, akasaini namwona. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inanitaka niandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Niliikariri kwa mtihani. Kisha foleni ikarefuka. "Dada, mwenyewe yuko kazini, kamtuma kijana." Nikagonga. Nikaanza kupata kesi mbili tatu za kwangu, asubuhi niko mahakamani na wateja dukani wanasubiri, nikawa namwachia mjomba karatasi nilizokwisha kusaini, chache tu, za dharura. Akaona nikiondoka na muhuri wangu kazi inalala, akachonga mwingine Kariakoo. Alinionyesha. Nilicheka, Anti. Sikumnyang'anya, nilicheka. Na nywila ya akaunti yangu kwenye mfumo wa mahakama wa kusajili mashauri anayo tangu siku niliyokuwa hoi kwa malaria, akanisajilia shauri lililokuwa linapitwa na muda.

Mwezi uliopita nimeletewa samansi ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Mwanamume mmoja wa Mbagala aliweka nyumba dhamana kwenye taasisi ya mikopo, ameshindwa kulipa, nyumba inataka kupigwa mnada. Mke wake amefungua shauri akisema hakuwahi kuridhia. Wakopeshaji wametoa hati ya kiapo ya ridhaa ya mwenza, ina jina la mke na muhuri wangu. Natakiwa nikaseme kama yule mama aliapa mbele yangu.

Tarehe iliyo kwenye hati mimi nilikuwa Same tunamzika bibi mzaa baba. Tiketi ya basi kutoka stendi ya Magufuli ninayo. Mjomba anajua nilikuwa huko, maana rambirambi yake ya 50,000 iliingia kwenye simu ya baba siku hiyo hiyo.

Nilipomwonyesha samansi alinyamaza, halafu akasema, "Utasema alikuja. Mwanamke wa Mbagala, nani atamkumbuka? Ni neno moja." Rafiki yangu niliyesoma naye anasema nikachukue RB ya polisi ya kupotelewa, ionekane muhuri uliibwa zamani. Mama amepiga simu. Hakugomba. Alisema, "Mjomba wako ana sukari, akiingia jela hatoki," akakata.

Nikisema kweli namfunga aliyenilisha. Nikisema uongo nimeapa uongo, mimi wakili, na nikigundulika Kamati ya Mawakili itanifuta, shamba la baba litakuwa limeliwa bure. Zimebaki wiki tatu. Nimtose mjomba au nijitose mwenyewe?

Wakili wa meza moja, Tabata

*

Marahaba, mwanangu. Na pole ya msiba. Bibi umemtaja kama kielelezo, tarehe na tiketi ya basi. Naona hata nafasi ya kumlilia hujaipata.

Mimi si mwanasheria, na penye sheria nitakusukuma kwa wenye nayo. Ila mahakama nimeishi nayo ndani ya nyumba. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ya bluu na nyekundu, na muhuri wa mahakama haukulala nje ya kabati la chuma hata siku moja. Kuna usiku aliondoka harusini, harusi ya mdogo wangu, akarudi kazini kuhakikisha kabati limefungwa. Tuligombana siku tatu. Nilimwona ana wazimu. Barua yako imenifanya nimwombe msamaha kaburini.

Nikikusikia vizuri, unasema hivi: nimelelewa na mtu, mtu huyo ametumia jina langu kwenye jambo lisilo la kweli, sasa natakiwa kuchagua kati ya damu na kazi. Umeliweka kama mizani yenye sahani mbili. Nimelizungusha sana swali lako, na kila nikilizungusha naona sahani ni nyingi kuliko hizo.

Kwanza kuna kitu hukukisema, na wewe ni wakili, hukisahau kwa bahati mbaya. Umeniambia hati ina jina la mke na muhuri wako. Sahihi je? Sahihi ya kamishna iliyo chini ya muhuri ule ni ya nani? Kama mjomba aliiga mkono wako, hiyo ni habari moja. Kama ile ni karatasi mojawapo ya zile ulizomwachia, "chache tu, za dharura", basi ni habari nyingine kabisa, maana ulikuwa Same lakini mkono wako ulibaki Dar es Salaam. Sikuulizi ili nikutie hatiani. Nakuuliza kwa sababu ushauri wowote utakaopewa, wangu au wa mwingine, unategemea jibu hilo, na nina wasiwasi kwamba unalijua tayari na ndilo linalokuamsha saa za usiku.

La pili ni mjomba. Umenieleza alichokuambia useme. Hukunieleza alichokuambia kilitokea. Umemuuliza? Nani alikuja dukani siku ile? Mume peke yake? Au mume na mwanamke aliyejiita mke, na mjomba akaamini? Hapa mjini mwanamke wa kusimama badala ya mke hakosekani. Inawezekana mjomba alidanganywa, inawezekana alijua na akalipwa zaidi ya ile 10,000. Kuna umbali mkubwa kati ya hayo mawili, kwake na kwako, na nyote mmeruka moja kwa moja kwenye namna ya kulificha kabla hamjaambiana lilikuwa nini.

Kuhusu kulishwa, nivumilie nifanye hesabu ya sokoni. Hati ishirini kwa 10,000 ni laki mbili. Wewe 60,000, inabaki 140,000. Toa karatasi, wino, pango la duka. Bado nashindwa kuona nani anamlisha nani. Sikuhesabii ili umchukie. Nauli juu ya televisheni ni ya kweli, na mtu aliyejali usione aibu ya kuomba ana moyo. Lakini deni la miaka mitatu ya kulala kwake sidhani kama linalipwa kwa jina lako maisha yako yote, na sijui kama hata yeye, ukimkalisha bila samansi mezani, angesema ndivyo. Isitoshe, unajua kuliko mimi kwamba maadili yenu yanamkataza wakili kugawana ujira na asiye wakili. Kwa hiyo hiyo 3,000 ilikuwa na tatizo hata siku ambazo kila mwapaji alikaa mbele yako.

Sasa yule mama wa Mbagala. Kwenye barua ndefu namna ile umempa sentensi chache, na moja ni ya mjomba, "nani atamkumbuka". Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ziliweka ridhaa ya mwenza kwa ajili ya watu kama yeye, ili nyumba ya familia isiondoke mwanamke yuko sokoni anauza mboga. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa mlango wake, na mlango ulikuwa mkononi mwako. Naye ana watoto pengine, naye ana mama anayempigia simu. Sitaki akuongezee mzigo. Nataka tu awepo kwenye chumba unapofikiri, maana hadi sasa mmekaa watatu, wewe, mama na mjomba, na mnamzungumza mtu ambaye hayupo.

Tuje kwenye njia zako.

Ya mjomba: "alikuja". Unaogopa kugundulika, na hofu hiyo ina akili. Yule mama naye siku ile alikuwa mahali fulani, na wakili wake atapapata. Rambirambi ya 50,000 imeacha alama kwenye simu mbili. Waliokuwa msibani ni ukoo mzima. Ukishasema alikuja, kila mmoja wao atalazimika ama kukubeba ama kukuangusha, akiwemo baba yako, ambaye sidhani kama umemwambia. Na tuseme usigundulike. Nyumba itapigwa mnada kwa neno lako, nawe utarudi kwenye meza ile, kati ya fotokopi na friji, na mjomba atajua kwamba mnaweza. Hati inayofuata utakataaje?

Ya rafiki yako, RB. Naamini anakupenda, lakini hii naiona mbaya kuliko ya mjomba. Ukisema muhuri uliibwa, polisi watataka tarehe. Tarehe yoyote utakayoitaja, kuna hati ulizogonga baada yake kwa mkono wako mwenyewe, zimetapakaa jiji zima. Na ni muhuri upi ulioibwa, mwanangu, wakati mnao miwili?

Ya kusema kweli. Hapa nakuomba usikimbilie kuiona nyepesi, maana naona unaipima kwa hasara ya mjomba tu. Ukweli wako una vipande viwili. "Sikuwepo, nilikuwa msibani" ni rahisi kutamka, utaondoka barazani umenyooka. "Nilikuwa naacha karatasi zilizosainiwa, na nilijua muhuri wa pili upo" ndicho kipande kinachochoma. Ukitoa cha kwanza ukameza cha pili, maswali ya dodoso yatakitafuta, na kikipatikana hivyo hata kile cha kwanza kitaonekana uongo. Ukivitoa vyote viwili unajiweka mikononi mwa watu. Kamati ya Mawakili inaweza kumwonya wakili, inaweza kumsimamisha, inaweza kuagiza aondolewe kwenye orodha ya mawakili. Wewe umeandika "itanifuta" kana kwamba ndilo neno pekee wanalolijua. Mimi siwezi kukuahidi utaangukia ngazi ipi, na atakayekuahidi usimwamini. Pengine aliyejipeleka mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyekamatwa. Pengine ukaidi wa kesi nyingine zilizokuwa mbele yao wiki hiyo ukakuponza. Hiyo hatari ni halisi, na hakuna namna ya kuisema ikawa tamu.

Kwa nini basi unaamua peke yako, usiku, ukishauriana na rafiki na mwandishi wa safu? Kinyozi hajinyoi. Umewahi kumruhusu mteja wako aende kutoa ushahidi wa aina hii bila wakili? Tafuta mmoja, mtu mzima, asiye rafiki yako, asiye wa ofisi ile ya nauli. Waulize viongozi wa chama katika eneo lako wakuelekeze kwa mtu anayeyajua mambo ya maadili ya mawakili. Utakayomwambia kama mteja yanalindwa, hilo unalijua. Mpelekee samansi, nakala ya hati, tiketi ya basi, na kile kipande cha pili. Usimpe barua kama uliyonipa mimi, iliyoruka sahihi. Yeye ndiye atakayekuambia kama kuna la kufanya kabla ya siku ya baraza au la kusubiri siku yenyewe, mimi hapo sina mdomo.

Mjomba naye anahitaji wakili wake, na asiwe wewe wala huyo wako. Kujifanya wakili ni kosa kwa Sheria ya Mawakili, na yale ya muhuri yana uzito wake. Ukienda kuzungumza naye, nenda na mtu mzima anayemheshimu, mkae nyumbani, si dukani mbele ya wateja. Nisingependa umfundishe la kusema, wala mkae kuchambua karatasi za kuchoma au ujumbe wa kufuta kwenye simu. Wakili wako akisikia mlifanya hivyo atashika kichwa. Kuna jambo moja tu ambalo naona ni haki yake kulipata kutoka kwako: ajue mapema kwamba hujakubali kusema "alikuja". Asije akalisikia barazani. Akilijua leo, ana wiki tatu za kutafuta ushauri na kuamua kama atajitokeza mwenyewe. Huenda akakasirika akakufukuza dukani. Huenda ukoo ukagawanyika, na kwenye harusi ijayo ukakalishwa meza ya majirani. Nimeyaona hayo, yanauma muda mrefu kuliko watu wanavyokiri.

Mama yako hakukudanganya, sukari ni sukari. Lakini simu aliyoipiga ilikuwa ya hofu, na mtu mwenye hofu hajibiwi kwa simu. Mfuate. Mwambie na lile la mama wa Mbagala, kwa sababu nina hakika mjomba hakumweleza hivyo alipomwomba akupigie.

Umeniacha na jambo la vishoka, nami nitalisema kwa kifupi ingawa najua litanikosanisha na wasomaji wangu mawakili. Orodha yenu imevuka watu 10,000, wateja wa kawaida wanaogopa ngazi za ofisi zenu, na kijana aliyetoka kula kiapo anatumwa kuomba ahirisho kwa nauli ya kukumbushia. Mkikaa kumlaani kishoka bila kuuliza kwa nini mama ntilie anamwelewa yeye na hawaelewi nyinyi, mtalaani hadi kesho. Kiswahili cha mjomba ni mali. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, wanaelimisha na kuelekeza watu chini ya taasisi zilizosajiliwa. Hawatozi kwa hati wala hawasimami mahakamani. Sisemi hilo litamwokoa mwezi huu, wala kwamba atakubali kuacha 140,000 kwa siku. Nasema tu alichonacho kingeweza kukaa mahali pengine.

Na wewe utakula nini? Hukuliuliza, lakini liko kila mstari. Kesi zako mbili tatu ni chache, ila ni zako. Kuna wenzako kadhaa wanaochangia pango la chumba kimoja Kinondoni au Ilala, watatu wanne, kila mmoja na meza yake na muhuri wake. Ni kuanza upya ukiwa na jina linalochunguzwa, na ada ya mdogo wako haitasubiri. Mweleze na yeye. Mtu wa chuo cha afya si mtoto, anaweza kujua kwamba muhula ujao una mashaka.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua zaidi ya samansi yako. Hii ni hati moja, iliyojulikana kwa sababu mke alikwenda barazani. Zile nyingine za "kamtuma kijana" ziko wapi? Kwenye jalada la mirathi ya nani? Sitarajii uzikumbuke, wala sikuambii uanze kuzisaka mtaani kwa pupa. Lakini siku utakapokaa na wakili wako, liweke hilo nalo mezani, hata kama hatakuuliza.

Utasema nini barazani sikuandikii. Ni mdomo wako, na atakayeishi na maneno hayo ni wewe.

Ila yapo mawili yasiyosubiri wiki tatu. Nywila unaweza kuibadili sasa hivi, kabla hujaweka simu chini. Na ule muhuri wa Kariakoo: barua yako yote haisemi uko wapi. Usiuvunje, usiutupe, wakili wako atajua wa kuukabidhi. Lakini kesho saa mbili asubuhi steshenari itafunguliwa, na foleni itakuwepo. Uko kwenye droo ya nani?